Majina Matano ya Kwanza Nyuma ya Chupa ya Sabuni ya Uso

Mbele ya chupa pana tone la maji, jani la kijani na neno "laini". Nyuma pana orodha ya majina ishirini na kitu, kwa herufi za kukodolea macho. Mnunuzi huvutwa na mbele, lakini uso huoshwa na nyuma. Tena si kwa orodha nzima, ni kwa majina manne au matano ya mwanzo. Mengi ya yanayobaki hukaa usoni nusu dakika kisha huenda na maji. Ukiyajua hayo matano unaweza kuziweka chupa mbili sambamba na kukisia ipi itakukausha, kabla hujafungua kifuniko.

Majina ya viambato humu yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye lebo herufi zitatofautiana kidogo, ila ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Orodha haikupangwa ovyo

Umoja wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine nyingi zinataka viambato vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kila kinachozidi 1% lazima kikae kwenye nafasi yake. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji huruhusiwa kuvipanga atakavyo, na rangi zinaweza kutupwa mwisho kabisa. Hapo ndipo ujanja unapopenya: dondoo ya ua iliyotiwa kwa 0.01% inaweza kuandikwa kabla ya kihifadhi kilichotiwa kwa 0.9%, nawe ukadhani chupa imejaa maua.

Mpaka huo wa 1% hauchorwi, ila una alama zake. Iliyo bora ni fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho sheria ya Ulaya hairuhusu kizidi 1%. Kilichoandikwa baada yake kimo kwa 1% au chini zaidi. Gundi ya zanthani nayo huwa chini ya 1% karibu kila mara, na EDTA, ambayo kazi yake ni kushika kalisi ya maji magumu na kukisaidia kihifadhi, kwa kawaida huwa 0.1% au 0.2%. Ukikuta vitamini uliyoifuata imekaa nyuma ya EDTA, hesabu mwenyewe.

Jina la kwanza karibu siku zote ni maji. La pili ndilo linaloanza kusema kitu. Likiwa gliserini, aliyeunda bidhaa hiyo alifikiria ngozi itakuwaje baada ya kusuuzwa. Likiwa kiambato cha kuosha, usiamue bado. Tazama kwanza ni kipi, na jirani zake ni akina nani.

Vinavyoosha

Kuna kundi la viambato tutakaloliita vioshaji. Kila molekuli ya kioshaji ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia huchomeka kwenye mafuta ya ngozi, vipodozi au losheni ya jua. Vichwa hubaki upande wa maji. Molekuli hukusanyika zikawa vimpira vidogo vinavyoitwa misela, mafuta yakiwa ndani, na maji huvisomba. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale molekuli zilizobaki peke yake, na misela zilizo ndogo mno, zinapopenya tabaka la juu la ngozi. Hujishika kwenye keratini, protini ya ngozi, na kuivimbisha, tena hung'oa mafuta yanayoziba nafasi kati ya seli. Maji yakikauka, ngozi inavuta. Watu huita hali hiyo "kutakata". Ngozi inayolia ukiisugua kwa kidole imeporwa mafuta yake yenyewe.

Mkia wenye kaboni 12 ndio unaokera kuliko mifupi au mirefu yake. Ndiyo sababu sodiamu laurili salfeti, yenye mkia huo huo na kichwa chenye chaji kali, ndiyo inayotumika maabara za ngozi kama kikereketi cha kulinganishia. Kuikereketa ngozi, ndiyo, inakereketa. Ule uvumi kwamba inaleta saratani hauna msingi, na umewapotezea watu muda mwingi ambao wangeutumia kusoma jina linalofuata kwenye lebo.

Sodiamu laurethi salfeti ni ndugu yake, na mwisho wa jina ndio unaowatenganisha: "-ili" na "-ethi". Katikati ya kichwa na mkia zimeongezwa sehemu za oksidi ya ethilini, na nyongeza hiyo hupunguza ukali kwa kiasi kikubwa. Wanaozitia zote mbili kapu moja kwa kuwa zote ni "salfeti" wanakosea. Na mtego mkubwa zaidi uko upande wa pili: chupa iliyojisifu kwamba haina salfeti, kumbe jina lake la pili ni sodiamu olefini sulfoneti C14-16. Kwa kemia, wamesema kweli, maana sulfoneti si salfeti. Kwa ngozi kavu, nguvu yake ya kuchomoa mafuta inaweza kukaribia ile iliyokimbiwa. Neno "haina" mbele ya chupa linakuambia kilichotolewa. Kilichokaa mahali pake ukatafute nyuma.

Sabuni ya kweli, yaani mafuta yaliyopikwa na kostiki (alkali kali), ni habari nyingine. Kwenye mche utaona sodiamu palmeti, sodiamu kokoeti au sodiamu taloeti. pH yake (kipimo cha asidi na alkali: namba ndogo ni asidi, kubwa ni alkali) huwa 9 hadi 10, na haishuki, kwa sababu ukiitia asidi hadi ifike 5 sabuni yenyewe inavunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta zinazoelea. Uso wa ngozi una pH ya karibu 5. Kwa kuwa kipimo hiki hupanda mara kumi kwa kila hatua, tofauti ya 5 na 9 ni mara elfu kumi. Ngozi yenye afya hujirudisha ndani ya saa chache. Yenye ukurutu au iliyochubuliwa na dawa za chunusi huchelewa, na wakati huo wote vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya kinga hufanya kazi kwa kusuasua. Juu ya hayo, sabuni hukutana na kalisi na magnesi ya maji magumu ikaganda kuwa utando mweupe, ule ule unaoonekana kwenye beseni. Utando huo hubaki na usoni pia.

Sabuni pia hujificha. Krimu nyingi zenye povu zito kama la kunyolea ndevu hazitaji neno sabuni popote, lakini orodha inaanza hivi: maji, gliserini, asidi ya miristiki, asidi ya steariki, potasiamu haidroksaidi, asidi ya lauriki. Asidi za mafuta pamoja na alkali kali ndani ya majina sita ya kwanza maana yake sabuni imepikwa humo humo. Usichanganye na potasiamu au sodiamu haidroksaidi iliyo mkiani mwa orodha. Hiyo ni matone ya kurekebisha pH, na haina madhara yoyote ya kukusumbua.

Upande wa walio wapole kuna familia kadhaa. Sodiamu kokoili isethioneti ndiyo uti wa mgongo wa miche isiyo sabuni, ile inayofanana na sabuni kwa sura lakini pH yake huzunguka 5.5 hadi 7. Huyeyuka kwa shida kwenye maji baridi, ndiyo maana katika vimiminika mara nyingi huonekana kama krimu nzito isiyoangaza. Sodiamu kokoili glutameti hufanya kazi vizuri kwenye pH ya 5 na kitu, povu lake ni hafifu. Ndugu yake wa asidi amino, sodiamu kokoili glisineti, hutoa povu zuri lakini huhitaji mazingira ya alkali kidogo, kwa hiyo usishangae sabuni ya "asidi amino" ikipima 8 au 9. Desili glukosidi na koko glukosidi hazina chaji, na hazimkasirishi mtu haraka, ila zikiwa peke yake huacha ngozi ikiwa na ukavu wa ajabu, kama karatasi.

Halafu yuko kokamidopropili betaini, ambaye utamkuta karibu kila mahali. Yeye peke yake si hodari wa kuosha. Thamani yake ni anachowafanyia wengine: akiingia kwenye misela za laurethi salfeti, misela zinakuwa kubwa na tulivu zaidi, na molekuli zinazozurura peke yake zinapungua. Mchanganyiko wa vioshaji viwili au vitatu kwa kawaida hukereketa kidogo kuliko kimoja kikali kwa kiasi kile kile. Kwa sababu hiyo orodha za mtandaoni zinazokipa kila kiambato alama nyekundu au kijani, kimoja kimoja, hazina msaada mkubwa kwa bidhaa ya kuosha. Zinapima mchezaji bila kutazama timu.

Upole, hata hivyo, si kinga ya mzio. Chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi huteua kizio (kitu kinacholeta mzio) cha mwaka; mwaka 2004 kilikuwa betaini hii, na mwaka 2017 zilikuwa glukosidi. Kwa betaini, lawama nyingi huangukia mabaki ya malighafi yanayosalia isiposafishwa vizuri kiwandani. Kwa hiyo mtu anayewashwa kope na shingo kila anapohamia sabuni "laini zaidi" huenda anahamia kwenye kiambato kile kile chini ya jina jingine la biashara, na dawa yake ni kipimo cha vibandiko kwa daktari wa ngozi.

Povu lenyewe halipimi usafi. Chupa yenye pampu ya povu hutoa kimiminika chepesi kilichochanganywa na hewa, na mara nyingi kina kioshaji kidogo kuliko jeli nzito. Uzito wa jeli nao hauna siri: chumvi ya kawaida, sodiamu kloridi, hurefusha misela zikawa kama nyuzi na kimiminika kinaganda. Ule mng'ao wa lulu ni glikoli distearati, pambo tupu.

Kinachobaki na kinachoondoka

Niasinamidi (vitamini B3), vitamini C, dondoo za majani, kolajeni: vinayeyuka majini, na maji ndiyo unayovisuuzia. Kulipia zaidi kwa ajili yake kwenye bidhaa ya kuosha ni kulilisha bomba. Vitie kwenye losheni inayoshinda usoni.

Vipo vinavyobaki. Gliserini ikiwa nyingi hupunguza ukali wakati wa kuosha, na kidogo chake husalia. Polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, zenye chaji chanya, kama polikwaterniamu-7, polikwaterniamu-10 na gundi ya guari iliyofanyiwa kazi, zimeundwa zitulie mle chupani na kujitenga pale maji ya kusuuzia yanapozimua vioshaji. Hapo hushuka juu ya ngozi zikawa utando mwembamba wenye utelezi. Utelezi huo watu huudhania kuwa sabuni haijatoka, wakasuuza mara tano bure.

Dawa za chunusi ni kundi la kati. Asidi ya salisiliki, ambayo Marekani huruhusiwa bila cheti cha daktari kwa 0.5% hadi 2%, hupenda mafuta na hupenya vizuri zaidi pH ikiwa karibu 3 hadi 4. Ndani ya sabuni inayosuuzwa baada ya sekunde ishirini inafanya kidogo. Iache dakika moja au mbili, mbali na macho. Benzoili peroksidi hufanya vizuri zaidi kwa mguso mfupi wa namna hiyo, na 2.5% hadi 5% huwatosha watu wengi kabla ya kufikia 10%. Kosa lake moja halina msamaha: hufifisha rangi ya nguo. Taulo nyeupe, na suuza hadi chini ya taya na kwenye laini ya nywele.

Kuhusu alkoholi, tofautisha. Setili, stearili na setearili alkoholi ni nta laini zinazoipa krimu mwili wake na hazikaushi. Inayokausha ni ethanoli iliyotiwa uchungu au isopropili ikiwa juu ya orodha.

Kwa vihifadhi tusikawie sana. Chupa yenye maji isiyo na kihifadhi inapaswa kukutisha kuliko yenye parabeni (aina ya vihifadhi). Bakteria hustawi bafuni. Kihifadhi kinachostahili kuangaliwa ni methiliisothiazolinoni, ambacho Ulaya kiliondolewa kwenye bidhaa za kubaki mwilini mwaka 2017 na kubanwa hadi 0.0015% kwenye za kusuuza, kwa wingi wa mizio kiliyoleta. Sodiamu benzoeti nayo inakupa habari ya bure: hufanya kazi kwenye asidi tu, chini ya takriban pH 5.5, hivyo ikiwa ndicho kihifadhi pekee, tena pamoja na asidi ya sitriki, karibu una hakika kwamba pH haiko mbali na ya ngozi. Manukato na mafuta ya kunukia kama limonini, linaluli na sitrali huwekwa kwa ajili ya pua. Ngozi yenye kukasirika haraka haiyahitaji. Na neno "bila harufu" si sawa na "bila manukato", kwani harufu ya malighafi inaweza kufunikwa kwa manukato mengine.

Jambo moja halina mjadala. Sabuni ya kung'arisha yenye zebaki, kalomeli au merkuri iodidi kwenye lebo, au inayoonya isigusane na vito vya dhahabu, fedha au alumini, usiiweke mwilini. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo.

Mafuta ya kuondoa vipodozi

Losheni ya jua isiyotoka kwa maji na vipodozi vya kudumu huishinda jeli pole. Badala ya kuongeza ukali, tumia mafuta au zeri kwanza. Jambo la kutafuta hapa ni kiunganishi cha mafuta na maji: PEG-20 gliserili triisostearati, sobethi-30 tetraoleati, polisobeti au jina linaloanza na poligliserili, lifuate mara baada ya mafuta kama ethiliheksili palmiteti au kapriliki na kapriki trigliseridi. Bila hicho, mafuta yatabaki usoni na itabidi uyafute kwa kitambaa. Kipimo ni rahisi: tone moja kwenye glasi ya maji, koroga. Yakigeuka maziwa, yatasuuzika. Yakielea duara duara, hayana kiunganishi.

Wanaosema mafuta haya hayafanyi kazi mara nyingi wameyapaka kwa mikono yenye maji. Uso mkavu, mikono mikavu, sugua polepole dakika moja. Ndipo ulowanishe vidole, yageuke meupe, usuuze. Chombo kisicho na maji mara nyingine hakina kihifadhi kikali, kwa hiyo vidole vyenye maji visiingie kwenye kopo. Maji ya misela, yale ya kufutia vipodozi kwa pamba, nayo, hata yakiandikwa kwamba hayahitaji kusuuzwa, ni vioshaji vilivyozimuliwa. Ukiviacha vikaukie usoni vinaendelea na kazi yao.

Chupa mbili mezani

Tuseme ya kwanza imeandikwa "haina salfeti", na nyuma inasoma: maji, sodiamu olefini sulfoneti C14-16, kokamidopropili betaini, sodiamu kloridi, manukato, fenoksiethanoli, dondoo ya mshubiri, niasinamidi. Ya pili haina majigambo: maji, gliserini, kokamidopropili betaini, sodiamu laurethi salfeti, PEG-120 methili glukosi dioleti, polikwaterniamu-10, sodiamu benzoeti, asidi ya sitriki.

Ya kwanza inaongozwa na kioshaji kikali, imegandishwa kwa chumvi, manukato yametangulia kihifadhi, na mshubiri na niasinamidi ziko nyuma ya mpaka wa 1%. Ya pili ina gliserini nyingi kuliko kioshaji chochote chake, betaini imeizidi salfeti, kigandishi chake, ile PEG-120, hupunguza kuwasha macho, polima itaacha utando, na jozi ya mwisho inaashiria pH ya karibu 5. Ngozi kavu ichague ya pili bila kusita. Ngozi yenye mafuta mengi isiyo na mzio wa manukato inaweza kuishi na ya kwanza, mara moja kwa siku. Aliyethibitishwa kuwa na mzio wa betaini aziache zote mbili.

Kama unataka uhakika wa pH, nunua karatasi za kupimia zenye masafa mafupi kama 4 hadi 7 kwa sabuni za majimaji. Changanya sehemu moja ya sabuni na tisa za maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliorudishwa kuwa maji. Ya bomba yana alkali yake na yatakudanganya, na karatasi iliyochovywa kwenye jeli nzito husoma ovyo. Mche usugue kwenye maji hayo hayo hadi yawe meupe.

Kisha jaribu ngozi. Paka kiasi cha pesa ya sarafu ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, kiache dakika tano au muda ulioandikwa, suuza, kwa siku saba hadi kumi. Pakitulia, peleka usoni mililita 1 hadi 2, maji vuguvugu, sekunde thelathini hadi sitini. Usipake kitu baada yake kwa dakika kumi, halafu fanya kama unatabasamu. Ngozi ikivuta mashavuni, punguza kiasi au muda kabla ya kuitupa chupa. Muwasho ukijipanga kando ya nywele na chini ya taya peke yake, kioshaji hakina kosa. Hapo ni mahali mkono wenye maji haukufika.